Mwamba wa Kamba

Katika nchi zetu machela ilijulikana kwa ubaya wake: kitambaa kimefungwa kwenye mpiko, bwana kalala ndani, wapagazi wanatokwa jasho. Kitanda cha kuning'inia cha Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, hakikumlemea mtu. Columbus alikikuta mwaka 1492. Jina lake, hamaca, likaingia katika Kihispania, na mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza likakikubali merikebuni. Wataino wenyewe, ndani ya miongo michache, wengi mno waliangamizwa na maradhi na kazi za shokoa. Kitanda kikasalia, tena kwa jina walilokipa wao.

Lakini, msomaji, kitanda hicho hakikuja na paa. Mtaino alikitundika ndani ya nyumba, baharia chini ya sitaha. Anayekipeleka porini hana budi kujijengea paa la turubai, na mwamba wa paa hilo ni kamba. Wanachuo wangu walipenda kuifanya kamba ya kitanda kuwa mwamba pia, kwa uvivu tu. Mtu akilala, kamba hushuka naye. Turubai hulegea, maji yakatuama. Mwamba uwe na kamba yake, juu zaidi, iliyokazwa sawasawa kati ya miti miwili, isiyobeba uzito wa mtu. Hata hapo mvua hufuata kamba za kitanda hadi mgongoni mwa mlalaji. Dawa yake ni uzi mfupi unaofungwa kwenye kila kamba, ukaachwa uning'inie, ndani kidogo ya ukingo wa turubai: maji yakiufikia hudondoka chini.