Upigaji picha wa boti za mwendo kasi

Upigaji picha wa boti za mwendo kasi ni tawi la upigaji picha za michezo linalohusu boti za injini zinapokimbia majini. Ugumu wake unatokana na vitu vitatu kusogea kwa wakati mmoja: boti inayopigwa picha, maji, na mara nyingi chombo alimo mpiga picha mwenyewe.

Kasi

Boti inayokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Shata ya kamera (kilango cha kuingizia mwanga) ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde tu, boti imekwisha kusogea karibu sentimita 3. Ikipita kwa ubavu, kiasi hicho chaweza kutia ukungu herufi za jina lake. Ikija kuielekea kamera, athari ni ndogo. Kwa sababu hiyo mpiga picha huizungusha kamera akiifuata boti. Hata hivyo boti si gari la barabarani: omo huinuka, boti huruka juu ya wimbi, kisha huyapiga maji, na kamera iliyokuwa ikifuata mstari ulionyooka hubaki na tezi peke yake.

Kuongeza kasi ya shata hakutoshi. Boti iliyogandishwa kabisa bila rasharasha za maji huonekana kama imetia nanga.

Mwanga

Povu jeupe na mng'ao wa jua huidanganya kamera, ikatoa picha yenye giza. Kichujio cha polaraizi hupunguza mng'ao, lakini hula nusu ya mwanga au zaidi, hivyo shata hulazimika kupunguzwa kasi.

Mahali pa kupigia

Tripodi haisaidii sana ndani ya chombo, kwa kuwa hupitisha mtikisiko wa injini hadi kwenye kamera. Magoti yaliyokunjwa kidogo ni bora. Frank Beken wa Cowes, Uingereza, aliyepiga picha za vyombo vya baharini, alibuni kamera ya sanduku la mbao ambayo shata yake ilifyatuliwa kwa kung'ata kipira kwa meno, ili mikono yote miwili iishike kamera.

Aliye na jicho kwenye kamera haoni yanayokuja kutoka pembeni. Usalama wake umo mikononi mwa nahodha, ambaye hushika njia moja bila kugeuka ghafla, ili madereva wa mashindano wajue atakuwa wapi. Helikopta huepusha hatari hiyo, ila ikishuka mno upepo wake huyavuruga maji.

Picha kama ushahidi

Tarehe 4 Januari 1967 Donald Campbell alifariki katika ziwa Coniston Water, Uingereza, akijaribu kuvunja rekodi kwa boti ya jeti Bluebird K7, iliyokuwa imepita kilomita 480 kwa saa. Filamu iliyopigwa wakati huo inaonyesha omo ikiinuka na boti ikipinduka hewani.