Cheti cha Mwalimu na Muda Wake Nchini Kenya

Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya ilipoanza kazi mwaka 1967, aliyeandikishwa alihesabiwa mwalimu hadi kustaafu, isipokuwa jina lake lifutwe kwa kosa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya mwaka 2012 kiligeuza jambo hilo: kila mwalimu aendelee kujifunza, na kila miaka 5 achukue cheti kwa msingi wa mafunzo hayo. Mafunzo yalipozinduliwa mwaka 2021, mwalimu alitakiwa ajilipie shilingi 6,000 kwa mwaka, malalamiko yakazuka. Je, ni haki mwajiri aamuru na mwajiriwa agharimie? Hapo awali cheti kilishuhudia elimu iliyokwisha kupatikana; sheria imekitaka kishuhudie pia elimu isiyokoma, na ushahidi huo una bei.