Lister wa Dursley: Injini Iliyowafuata Wakulima

Mwaka 1867 Robert Ashton Lister, kijana wa miaka 22, alikosana na baba yake, akaacha biashara ya familia na kufungua karakana yake mwenyewe huko huko Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire, Uingereza. Alitengeneza zana za kilimo, na wakulima wakawa wateja muhimu wa kampuni yake, R. A. Lister, kwa miaka mingi.

Maziwa ndiyo yaliyoikuza. Mikael Pedersen, mvumbuzi kutoka Denmark, alibuni mashine ya kuengua malai. Lister akaiuza ndani na nje ya nchi. Baadaye zikaja injini za petroli na mashine za kunyoa kondoo.

Jina lilivuma hasa kuanzia miaka ya 1930, mjukuu wa mwanzilishi, Percy Lister, akiwa ameshika uongozi. Wakati huo ilitoka injini ya dizeli ya CS. Ile ndogo ilikuwa na silinda moja, nguvu za farasi 5 na mizunguko 600 tu kwa dakika.

Haikuhitaji betri. Fundi huachia mgandamizo kwa kishikio cha valvu ya moshi, huzungusha hendeli mpaka magurudumu mawili mazito ya chuma yashike kasi, kisha hurudisha kishikio mahali pake, nayo hunguruma: du, du, du. Kwa kuwa haikwenda mbio, haikulika upesi. Ilipoharibika, ilifunguliwa kwa spana za kawaida. Ndiyo maana injini za Lister zilisukuma pampu za maji na mashine za kusaga mahindi katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki visivyokuwa na umeme.

Hawker Siddeley iliinunua kampuni hiyo mwaka 1965, na mwaka 1986 ikaunganishwa na kampuni nyingine ya injini, Petter, kuwa Lister Petter. Muda mfupi baadaye CS ikaacha kutengenezwa Uingereza, na mwaka 2014 kampuni ikahama Dursley. Lakini karakana za Rajkot, India, ziliendelea kuinakili, na vipuri vyake vingi huingia hata kwenye injini kongwe za Dursley.