Mwenda wa Bayeke na Kiswahili chetu

Watoto wengi hapa Dilolo wanajua majina ya waimbaji wa Kinshasa, lakini Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Lualaba yetu, hawamjui. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Nyimbo za kwao alizitia katika gitaa, akipiga kwa vidole viwili tu: gumba kwa sauti nzito, cha shahada kwa sauti nyembamba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi; wimbo wake Masanga ukaenea. Gitaa likamfikisha Nairobi, ambako wapigaji wengi walimwiga, na mwaka 1969 likamfikisha kwenye tamasha la Newport, Marekani, pamoja na wapiga bluzi wa huko. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile tunachokisahihisha darasani kwa kalamu nyekundu. Mlunda wa hapa alimwelewa, na mtu wa Nairobi vilevile. Basi mtihani tuusahihishe, lakini wimbo tuuache ulivyo, tuwapigie watoto wausikie.