Kutoka Posho hadi Ruzuku: Maneno ya Umaskini Yatazamwapo kutoka Kariakoo

Jina la Kariakoo ni jina la wapagazi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, jengo la soko lililokuwa limejengwa na Wajerumani kabla tu ya vita liligeuzwa kuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa jeshi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho, baada ya kuzoewa na ndimi za wenyeji, likawa Kariakoo. Nairobi nako liko jina lilo hilo, ila huandikwa Kariokor. Wasomaji wetu wengi wanalijua jambo hili tangu shuleni. Twaanzia hapo kwa sababu wachukuzi wale waliishi kwa neno moja ambalo limo katika majalada ya kila ofisi ya serikali hata leo, nalo ni posho.

Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, posho ilikuwa kipimo cha nafaka, au cha nguo na shanga za kununulia chakula, alichopewa mpagazi kila baada ya siku kadhaa. Haikuwa hisani. Tajiri aliyechelewesha posho alijua kwamba kesho yake mizigo ingebaki chini. Jeshi la Waingereza lililichukua neno pamoja na desturi yake, lakini likamnyima mchukuzi ule uwezo wa kuutua mzigo. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na lishe mbaya kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwafikia warithi wao. Tangu hapo neno limetembea mbali. Uganda, posho ni ugali wenyewe. Kenya, ni unga na kinu chake. Kwetu Tanzania limepanda cheo: posho ya safari, posho ya kikao, posho ya kujikimu. Hata hivyo kiini chake hakikubadilika, maana posho ni kitu ambacho mtu huweza kukidai, na akicheleweshewa hulalamika bila kuona haya.

Katika makala haya twataka kuyafuatia maneno ambayo wenye mamlaka wameyatumia kuwataja maskini wa mjini, na kuitaja fedha ambayo maskini hao hupewa kutoka katika mfuko wa umma. Hoja yetu si ndefu. Lugha yetu ya ofisini inayo maneno ya kudai, nayo imewawekea watumishi. Maskini imewawekea maneno ya kupokea. Upungufu huo hautoki katika Kiswahili chenyewe, kwani maneno ya kudai yalikuwapo pwani kabla ya kuwapo ofisi.

Waswahili walikuwa na mizani ya umaskini tangu zamani. Mkata ni asiye na kitu. Hohehahe ni mkata aliyefika mwisho. Fukara na maskini, ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja, yalitofautishwa na wanazuoni, kwa kuwa yametajwa yote mawili katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, inayohesabu makundi manane ya wapewao zaka. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, fukara ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Maskini anacho kidogo, ila hakimtoshi. Sasa tutazame takwimu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliuweka mstari wa umaskini katika shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukapata kwamba asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo, na asilimia 8 walikuwa chini hata ya mstari wa chakula. Wafasiri wameandika "umaskini wa mahitaji ya msingi" na "umaskini wa chakula". Yanaeleweka, lakini ni marefu, na maskini na fukara walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja kuitwa.

La maana zaidi kwetu ni tofauti ya zaka na sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari; anayeitoa hushukuriwa. Zaka ina kiwango, ina wakati, na mwenye mali huwa anadaiwa. Apewaye zaka, kwa istilahi ya wanazuoni, huitwa mustahiki, yaani mwenye haki nayo. Tutalirudia neno hili baadaye. Twakiri kwamba barabarani mizani hiyo haikudumu sawasawa. Ombaomba aliyezoea kupita madukani katikati ya jiji siku ya Ijumaa hupewa sarafu za sadaka, na hatujapata kusikia aliyebisha hodi akadai zaka yake. Wakazi wengine wa Kariakoo walijisaidia kwa upatu na kwa vyama vya kuzikana, ambamo mwanachama hudai alichokichangia.

Ofisi ya mkoloni haikuichukua mizani hiyo. Katika miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuwashughulikia watu wasio na kazi wala njia ya riziki inayoonekana, na katika miaka ya 1940 ikaongezwa nyingine ya kuwaondoa mijini wasiotakiwa. Neno lililopendwa na maofisa, hata wakaliingiza katika barua zao za Kiingereza bila kulifasiri, lilikuwa wahuni. Mhuni zamani alikuwa mtu asiye na makao wala jamaa wa kumrudi. Huenda alikuwa mkosefu, huenda alikuwa mkiwa tu. Kwa kutumiwa na polisi, ile nusu ya ukiwa ilikufa, ikabaki nusu ya ukosefu. Leo hakuna mwalimu awezaye kuifufua.

Baada ya Uhuru umaskini ulipewa cheo cha adui, pamoja na ujinga na maradhi. Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijaangaliwa vya kutosha na wanaistilahi. Azimio liliwataja watu ambao waweza kutegemea jasho la wenzao bila lawama: watoto wadogo, wazee, vilema, na wale ambao Dola yenyewe kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Kundi hilo la mwisho ni zito. Ni kukubali, tena katika hati kuu ya siasa ya nchi, kwamba kukosa kazi kwaweza kuwa deni la Dola, wala si dhambi ya mtu. Lakini kundi hilo halikupewa jina. Watatu wa kwanza walipata jina, wasiojiweza, ambalo limedumu hata kwenye mabango ya makazi ya wazee kama yale ya Nunge, Kigamboni. Wa nne, kwa kukosa jina, aliangukia katika majina yaliyokuwapo tayari: mvivu, mzururaji, kupe. Operesheni za miaka ya 1970, na ile ya Nguvukazi ya mwaka 1983, zilimkuta katika mitaa ya Kariakoo akiuza maji au karanga, zikampakia garini kumpeleka shamba. Hatusemi kwamba jina lingemwokoa. Twasema kwamba karani aliyekuwa na fomu yenye safu mbili tu, ya mfanyakazi na ya mzururaji, alilazimika kumwandika katika mojawapo.

Mji wenyewe haukungoja kuundiwa istilahi. Makabwela, akina yakhe, na baadaye walalahoi, ni maneno ya watu waliojicheka wenyewe. Machinga lilikuwa jina la watu wa kusini, upande wa Lindi. Likawa jina la kila kijana anayeuza bidhaa mkononi. Desemba 2018 serikali ilianza kuwagawia vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, navyo vilimwita mwenye kitambulisho mjasiriamali mdogo. Kwa neno hilo fungu la nyanya juu ya gunia limekuwa mtaji, na mwenye nyanya hana tena sababu ya kuhesabiwa miongoni mwa wahitaji.

Tugeukie upande wa fedha. Sheria ya mwaka 1964 ilianzisha akiba ya wafanyakazi, na neno akiba lilikuwa sahihi, kwani mtu alirudishiwa kilichokatwa kwenye mshahara wake. Ustawi wa jamii, ambao zamani uliandikwa usitawi, ulitoka shambani: mimea ndiyo iliyositawi kwanza. Hifadhi ya jamii ndiyo iliyoleta mchanganyiko. Sera ya mwaka 2003 imebeba jina hilo, na chini yake yamo mafao ya aliyechangia pamoja na misaada kwa asiyechangia kitu. Neno lilo hilo hutumika kwa Serengeti na Mikumi, jambo ambalo wanafunzi hulifanyia mzaha.

Katiba ya mwaka 1977, kwa marekebisho ya 1984, yasema katika Ibara ya 11 kwamba mtu anayo haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Haki na msaada yamewekwa pamoja katika kifungu kimoja, la kwanza likivuta juu na la pili likivuta chini, kwa sababu msaada katika Kiswahili cha kila siku ni kitu ambacho mtoaji aweza kukatalia. Na Ibara ya 7 imekwisha kusema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Kwa hiyo neno la pili ndilo lililoshinda.

Ndipo twafika kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, baada ya majaribio ya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kipindi chake cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020, kilikusudiwa kufika mitaa, vijiji na shehia zote. Haujapata kuwapo kwetu mpango mwingine wa serikali uliopeleka fedha taslimu kwa maskini wengi kiasi hicho, na faida yake hatuibishi. Lakini tuyatazame maneno yake.

Kunusuru ni kumtoa mtu hatarini; mwenye kunusuriwa hana la kusema ila ahsante. Zanzibar, iliyoanza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuwauliza kama ni maskini, iliita fedha hiyo Pensheni Jamii, neno ambalo mzee aliyeuza samaki maisha yake yote analishiriki sasa na hakimu mstaafu. Kenya wamesema Inua Jamii, na hapo anayeinuliwa ni jamii nzima, wala si kaya iliyokwisha kupigwa chapa. Nchi jirani, malipo yanayokaribiana, maneno matatu.

Kaya ni neno zuri, nalo latoka katika lugha zetu nyingi, ambamo humaanisha nyumbani. Kwa wanatakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Shambani maana hiyo haisumbui. Lakini tuichukue nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, katika zile chache zilizosalia kati ya maghorofa: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na kila chumba kina mpangaji wake. Bibi kizee aliye peke yake katika chumba cha mwisho hupikiwa leo na chumba cha pili, kesho na cha nne. Je, ni kaya peke yake, au ni wa kaya ya pili, au ya nne? Akiandikwa katika kaya ya jirani mwenye duka, umaskini wake umefutwa kwa wema wa jirani huyo.

Walengwa ni wale waliolengwa. Mlengaji yuko upande mmoja na shabaha upande wa pili, na shabaha haisemi. Uhawilishaji umeundwa vizuri kwa kanuni za lugha, kutokana na hawilisha, na ni ndugu ya hawala; kosa lake ni kwamba hatujamsikia mpokeaji akilitamka. Mitaani husemwa "pesa za TASAF", basi. Ruzuku tunaitetea. Asili yake ni moja na riziki, nayo imezoeleka katika mbolea na katika vyama vya siasa, ambavyo havioni aibu kuipokea.

Tunapendekeza lifikiriwe neno stahiki. Watumishi wanalitumia kila siku: stahiki za likizo, stahiki za uhamisho. Ndani yake imo haki, kwa kuwa mzizi wa Kiarabu ni mmoja, na ni ndugu wa yule mustahiki wa zaka. Apokeaye angeweza kuitwa mstahiki, lakini cheo hicho kimekwisha kuchukuliwa na Mstahiki Meya, na hatudhani kwamba Meya angependa kukigawana. Mwenye stahiki yatosha. Wako watakaosema kwamba neno haliongezi bajeti. Ni kweli. Lakini hata methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, haikungoja bajeti. Isitoshe, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na neno tunaloliweka leo katika tafsiri ya kanuni ndilo litakalosomwa na hakimu kesho, akitafuta kama mlalamikaji alinyimwa kitu kilicho chake au alikosa bahati.

Limebaki neno kuhitimu, litumiwalo kwa kaya inayotolewa katika mpango kwa kuonekana kuwa hali yake imekuwa nafuu. Kuhitimu ni neno la chuoni, la mtoto aliyemaliza juzuu zote, na aliyehitimu hafukuzwi tena. Kaya iliyotolewa yaweza kuurudia ufukara kwa ugonjwa wa msimu mmoja. Tangazo lake, libandikwapo ukutani katika ofisi ya mtaa ya Gerezani au Mchikichini, lingeandikwa tu "waliotolewa katika orodha", na chini yake ofisi na siku ya kupeleka rufaa.