Dharura ya kiafya safarini (mwambao wa Ziwa Viktoria, Kenya)

Dharura ya kiafya safarini ni ugonjwa wa ghafla, jeraha, sumu au uchungu wa kujifungua unaomkuta mtu mbali na kwake na kutaka matibabu ndani ya dakika au saa chache. Makala haya yanawahusu watu ambao kwao safari ndiyo makazi, katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kwenye kaunti za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Wengi wao ni madereva wa malori na wasaidizi wao, matandiboi, wanaolala kabini kwenye njia ya Kisumu–Busia, wavuvi wanaohama bichi hadi bichi wakifuata omena, na akina mama wanaowafuata wavuvi hao kununua samaki. Wachache ni wageni wanaozunguka Afrika kwa magari yaliyotiwa kitanda, tangi la maji na jiko, ambao hukaa Dunga au Mbita wiki moja kisha wakaendelea. Mwenye gari-nyumba hudhani shida yake ni tofauti na ya tandiboi. Sivyo. Wote wawili hawana jirani wa kushangaa kwamba leo hawajaamka.

Jina la mahali

Nambari za dharura nchini Kenya ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za ambulensi kwa 1199. Anayepokea simu huuliza kwanza: uko wapi? Hapo ndipo msafiri hukwama. Nyumba za mwambaoni hazina namba, njia nyingi hazina kibao, na vipimo vya setilaiti ambavyo rubani angevifurahia havimfai mwenye bodaboda wa Usenge. Yeye anataka jina la bichi, la shule ya msingi, la kanisa au la soko. Kumwambia kwamba ziwa liko mkono wa kushoto hakumsaidii. Ziwa liko kushoto njia nzima.

Kila bichi inayopokea samaki ina kamati yake, ijulikanayo kwa herufi BMU, iliyowekewa utaratibu na kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Ina mwenyekiti, katibu, na daftari la mashua na wavuvi waliosajiliwa. Mvuvi mhamiaji hujitambulisha hapo kabla ya kuanza kazi, na kwa sababu hiyo akiugua usiku kuna mtu anayejua jina lake na alikotoka. Mwenye gari-nyumba hapiti kwa sababu hakuna anayemlazimisha. Heri angepita. Katibu huyo ndiye anayejua nani ana injini nzima, nani amebakiza petroli saa nane za usiku, na dereva yupi huitika simu ya tatu. Sanduku la huduma ya kwanza, liwe la bei gani, halina habari hizo.

Kusafirisha mgonjwa

Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, na ambulensi za umma sasa ni za kaunti. Mbali na mji, chombo kinachofika kwanza aghalabu ni gari dogo la Probox au pikipiki. Kwenye pikipiki mgonjwa hukalishwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimkumbatia kiunoni, na pengine wote watatu hufungwa pamoja kwa leso ili asiponyoke akizimia. Mwenye homa kali atafika. Aliyevunjika shingo au uti wa mgongo anaweza kupooza njiani. Probox ni afadhali: viti vya nyuma hulazwa, godoro huingia, na mgonjwa aliyepoteza fahamu husafiri amelala ubavu ili matapishi yasimzibe koo.

Gari-nyumba lenyewe huwa ambulensi mbaya. Ni zito, ni pana kwa vichochoro vya bichi, na anayelishika usukani usiku huo ni mke au mume aliyechanganyikiwa, kwenye barabara asiyoijua, yenye ng'ombe na mikokoteni isiyo na taa. Mwenyeji mwenye gari dogo hufika mapema zaidi.

Visiwani mambo ni mengine. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, lakini Mfangano, Takawiri, Remba na Ringiti hufikiwa kwa maji. Mgonjwa hulazwa juu ya nyavu zilizokunjwa kwenye sakafu ya mashua na kufunikwa turubai, mmoja akimshika kichwa na mwingine akichota maji kwa kopo. Feri ya Luanda Kotieno na Mbita ni ya mchana. Usiku, aliye Luanda Kotieno huziona taa za Mbita ng'ambo, na asipopata mashua itambidi azunguke ghuba yote ya Winam kupitia Bondo, Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Jioni upepo wa ziwani hukutana na ule wa nyanda za juu za Kericho na Kisii, zikafuata ngurumo na radi ambazo nahodha mwenye akili hazichezei. Halafu kuna gugumaji, lililotapakaa upande wa Kenya tangu miaka ya 1990. Upepo ukigeuka huweza kuziba bichi iliyokuwa wazi asubuhi, na mashua ikakwama huku watu wa nchi kavu wanaiona.

Hospitali na malipo

Hospitali kuu ya rufaa ya eneo hili ni Jaramogi Oginga Odinga, mjini Kisumu. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vifo vya wananchi. Wenyeji huiita Russia hadi leo. Dereva mgeni anayemwonyesha mtu wa boda karatasi yenye herufi JOOTRH huenda akatazamwa tu. Akitamka Russia, pikipiki imeshawashwa. Mjini pia kuna hospitali za binafsi kama Aga Khan na Avenue, na wagonjwa wanaozidi uwezo wa Kisumu hupelekwa Eldoret, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, au Nairobi. Nje ya mji, hospitali za kaunti za Homa Bay na Siaya ndizo kimbilio. Zahanati ya bichi isidharauliwe: kipimo cha malaria, dripu na karatasi ya rufaa iliyoandikwa vizuri humfungulia mgonjwa mlango wa kasualti.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 iliongeza kwamba taasisi yenye uwezo wa kutibu ikakataa inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Haki hiyo haichagui uraia, na inahusu kumtuliza mgonjwa hadi awe salama au apewe rufaa; bili hubaki. Mwezi Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alizungushwa Nairobi kutoka hospitali moja hadi nyingine, akakaa ndani ya ambulensi takriban saa 18, kisha akafariki. Kifungu cha 43 kilikuwa na umri wa miaka mitano. Kwa hiyo ndugu anayemsindikiza mgonjwa akitaje kifungu hicho mlangoni, kwa adabu, huku simu yake ikiwa na salio la M-Pesa.

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na sheria yake ina mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Bima ya mgeni aghalabu hutaka kupigiwa simu kabla haijatoa barua ya dhamana, hivyo namba yake ikae mlangoni mwa gari, si ndani ya simu iliyofungwa kwa alama ya kidole cha mtu aliyezimia. Madaktari wa angani wa AMREF, huduma iliyoanza 1957, huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Kwao vipimo vya setilaiti vina maana, ila bado mgonjwa lazima afikishwe kwenye uwanja: Kisumu, au Kabunde karibu na Homa Bay.

Homa

Homa yoyote ya mtu aliyelala mwambaoni ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Vimelea vya aina ya falsiparamu vipo mwaka mzima, na mgonjwa anayeanza kuweweseka, kupumua kwa kasi, kupata degedege au kukojoa mkojo mweusi anahitaji sindano ya atesuneti, si vidonge vya kemisti. Aliyelelewa Nairobi huwa hana kinga ya wenyeji, na mtoto wa mjini aliyeletwa kwa nyanya yake Krismasi yuko hatarini sawa na mtalii wa Uholanzi. Chanjo ya kwanza ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya katika Homa Bay, Septemba 2019, lakini ni ya watoto wadogo.

Shida ya msafiri ni kwamba ugonjwa hutokeza amekwisha ondoka. Kuanzia kuumwa na mbu hadi kupata homa hupita wiki moja au zaidi, na aliyeambukizwa Port Victoria huweza kuangukia Mombasa, au Berlin, mbele ya daktari anayewaza mafua. Kichocho kinachopatikana kwa kuoga ziwani hukawia zaidi, wiki kadhaa. Kwa hiyo swali la pili, baada ya uko wapi, ni umetoka wapi, na mgonjwa ajibu hata asipoulizwa.

Malale yaliyofyeka watu wa ziwa hili mwanzoni mwa karne ya 20 na kuliacha bonde la Lambwe likiwa na watu haba, pale ilipo leo Mbuga ya Ruma, si tishio tena kwa afya ya umma: WHO ilithibitisha hivyo kwa Kenya mwaka 2025. Mkenya wa mwisho kuambukizwa nchini alirekodiwa 2009. Waliofuata, 2012, walikuwa wageni wawili waliotoka Maasai Mara.

Ajali, moto na nyoka

Ajali za barabarani huua wengi. Julai 2021, huko Malanga katika Kaunti ya Siaya, lori la mafuta lilianguka barabara ya Busia, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka na kuua zaidi ya kumi. Anayefika kwanza kwenye ajali ya lori la mafuta hukaa mbali na kuwafukuza wengine kabla ya kufikiria majeruhi.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi dakika 20, bila dawa ya meno wala sukari. Hatari isiyosemwa ni jiko la makaa lililoingizwa ndani ya gari usiku wa mvua ili kukausha nguo. Gesi yake haina harufu. Wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya gari moja, wafungue milango na kutoka nje kwanza. Panadol itafutwe baadaye.

Aliyeumwa na bafe au fira atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Kukaza kamba, kuchanja na kubandika jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu hupoteza saa. Mate ya swila yakiingia machoni huoshwa kwa maji mengi. Kabla ya kuondoka, piga simu kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, maana si zote huwa nayo.

Ipo pia dharura isiyo na kelele: insulini iliyoharibika kwa joto, au vidonge vya ARV vilivyoisha Karungu ilhali kadi iko kliniki ya Sio Port. Kliniki huweza kumpa mvuvi mhamiaji dawa za miezi kadhaa, akisema mapema kwamba anahama.

Gari linalobaki

Mgonjwa wa kawaida huacha nyumba na jirani. Huyu huacha nyumba yenye magurudumu ufukweni, mizigo yote ndani. Funguo huachwa kwa katibu wa BMU mbele ya shahidi, au gari hupelekwa kituo cha polisi na kuandikwa kwenye OB, daftari la matukio. Gari lenye namba za kigeni lina kibali cha forodha chenye tarehe ya mwisho, na ndugu wa mgonjwa huomba kiongezwe kabla ya tarehe hiyo. Lori la transiti ni kesi nyingine. Kontena lake lina kufuli ya kielektroniki inayofuatiliwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na likiacha njia au likisimama mahali pasipo pake, tahadhari hutokea kwenye skrini na maafisa hupiga simu. Dereva aliyezimia kwenye usukani hana kufuli. Ana tandiboi, na mara nyingi ndiye anayepokea simu ya maafisa hao akiwa kwenye benchi la kasualti, akieleza kwa nini mzigo umesimama.