Ukisafiri vijijini, laini ipi itakupa intaneti?

Msikilizaji, kabla ya kuuliza kifurushi cha kampuni gani ni nafuu, uliza kwanza mnara wa nani upo huko unakokwenda. Bando la bei nafuu lisilo na mnara ni hela uliyoitupa.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilitelemka kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa, bonde la Ziwa Rukwa, kurekodi wakulima wa mpunga. Laini yangu, ambayo mjini inakimbia, nilishaiwekea kifurushi cha wiki. Kule chini ikabaki na herufi E. Sauti ya dakika tatu ilizunguka, ikazunguka, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikapita bila wakulima wale kusikika. Mama muuza chai akaniangalia akasema, "Mwanangu, hiyo laini huku ni ya kupigia tu."

Herufi hizo juu ya kioo zina maana. G na E ni 2G: utapiga simu, utatuma meseji na utatumia menyu ya pesa inayoanza na *150*, maana hiyo haihitaji bando. 3G au H inabeba picha na sauti. Video inataka 4G, na simu yenyewe iwe ya 4G.

Mawimbi ya simu hufanana na mwanga wa tochi: mlima ukikaa katikati, nyuma yake ni kivuli. Ukuta wa Lyamba lya Mfipa unalitenga bonde na mji namna hiyo. Ndiyo maana vijiji vingi vina mti au kichuguu chake ambapo watu husimama jioni na simu mkononi.

Kwa hiyo mpigie mwenyeji wako, umuulize yeye anatumia laini gani kuangalia WhatsApp. Simu nyingi zina nafasi ya laini mbili. Weka ya pili iwe hiyo, kisha kwenye mipangilio uchague ndiyo itumie data. Isajili mwenyewe kwa alama za vidole na namba ya NIDA kabla ya safari. Ya kuazima inaweza kukuletea maneno. Kifurushi cha siku ununue ukifika, siyo stendi, kwa sababu saa 24 huanza kuhesabiwa unaponunua, hata kama uko porini.

Zima WhatsApp isipakue picha na video yenyewe. Kundi moja la harusi linatosha kumaliza MB zako zote! Ramani ipakue ukiwa mjini.

Chaji nayo huisha haraka pale mtandao unaposuasua, kwa kuwa simu hutumia nguvu nyingi kutafuta mnara. Kama unasubiri kupigiwa tu, iweke 2G. Kwenye pori refu lisilo na mtandao, iweke kwenye hali ya ndege, na uitoe mkifika kijijini.

Jambo moja kwa wenye wagonjwa au waliopata ajali njiani: simu ikiandika "dharura pekee", mnara wa kampuni yako haupatikani, ila wa kampuni nyingine upo karibu. Usikate tamaa, piga 112. Inaweza kupita kwenye mnara huo.